Kupiga kambi kwenye msitu mkavu wa Oregon, jirani na njia za pikipiki: mwongozo wa anayeanza

Kila mwaka ikifika Mei simu yangu huanza kulia. Anayepiga ni mtu ambaye shemeji yake kanunua pikipiki ya matairi manne, au kijana wa hapa Portland aliyeona picha za wenzake wakitimua vumbi msituni, na maswali hayabadiliki: Kuna maji? Kuna choo? Watoto hawatapata baridi? Na simba je? Nimejibu hadi nimechoka, kwa hiyo nayaandika mara moja. Ukiniuliza tena nitakutumia haya usome kabla hujafunga mizigo.

Majibu ya haraka: maji hakuna. Choo ni cha shimo, na kipo kambini tu. Baridi mtapata, watoto na wewe. Simba wa huku ni puma, mnyama mwenye haya kuliko paka wa jirani. Wako watu waliozaliwa huku ambao hawajawahi kumwona.

Ninaloeleza hapa ni eneo moja ninalolijua: mtandao wa njia za East Fort Rock, ndani ya msitu wa taifa wa Deschutes (Deschutes National Forest), kusini-mashariki ya mji wa Bend. Zina urefu wa zaidi ya maili 300, na katikati ya msitu huo kuna kambi ndogo ndogo, mojawapo ikiitwa China Hat. Ukienda kwenye msitu mwingine mkavu wa magharibi ya Marekani mambo mengi yatafanana, ila sheria za jimbo uziangalie upya.

Jua kwanza unakwenda wapi

Watu wakisikia Oregon hufikiria mvua. Hiyo ni Oregon yetu ya upande wa Portland. Ukivuka milima ya Cascade, mawingu yameshamwaga karibu kila kitu upande wa pili, na wewe unaingia nchi ya misonobari mikubwa yenye magome mekundu na vichaka vya kijivu vinavyonukia kama dawa ya mitishamba. (Sogeza pua kwenye gome la msonobari ule mkubwa, wa ponderosa, siku ya jua. Unanukia vanila. Wageni wangu wote huniona mzushi hadi wanuse.)

Kambi ziko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Arusha au Nairobi atasema, ah, urefu huo tumeuzoea. Usidanganyike. Hapa ni mbali na ikweta na hewa ni kavu, hivyo jua likizama hakuna kinachozuia joto lisiondoke nalo. Julai unaweza kushinda kwenye nyuzi 30 na alfajiri ukakuta ganda la barafu juu ya ndoo.

Jambo jingine ni udongo. Jirani kabisa kuna volkano ya Newberry, ambayo ililipuka mara ya mwisho miaka kama 1,300 iliyopita. Kabla ya hapo, miaka kama 7,700 iliyopita, mlima Mazama ulilipuka ukabaki shimo ambalo leo ni Crater Lake, na majivu yake yakafunika nchi hii. Okota kokoto yoyote chini: ni nyepesi, ina vitundu, ni lile jiwe la kusugulia visigino. Kumbuka jiwe hilo. Kwa sababu yake maji ya mvua na theluji huzama chini moja kwa moja na hakuna kijito cha kuchota, vigingi vya hema havishiki, vumbi ni jingi kupita kiasi, na moto unaweza kutambaa chini kwa chini kwenye mizizi ukaibuka wakati wewe umeshaondoka. Nusu ya ushauri wote ulio hapa chini unatokana na hilo jiwe.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha gari

Vya kisheria:

- Stika ya jimbo la Oregon ya ATV, yaani vyombo vya kuendeshea nje ya barabara, kwa kila chombo.
- Kadi ya mafunzo ya usalama kwa kila anayeendesha pikipiki ya matairi mawili au manne. Masomo yake yako mtandaoni, bure. Yafanye wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari.
- Kizuia cheche kwenye ekzosi. Ni lazima kwenye misitu ya serikali kuu. Pikipiki nyingi za dukani huja nacho, lakini ukinunua ya mkononi iliyobadilishwa ekzosi ili ipige kelele, angalia.
- Ramani ya magari ya Forest Service (idara ya misitu ya serikali kuu), inayoonyesha njia ipi inaruhusu chombo gani. Ni bure. Ipakue kwenye simu ukiwa bado una mtandao, na chapisha nakala ya karatasi.

Vya kulalia: hema, mfuko wa kulalia wa kustahimili angalau nyuzi sifuri, na kitu kinachozuia ubaridi wa chini. Godoro la kujaza upepo peke yake ni mtego, nitaeleza.

Vya maji: madumu imara yenye kifuniko kisichovuja. Hesabu lita 8 kwa kila mtu kwa kila siku: nusu ya kunywa, nusu ya kupikia na kunawa. Watu wanne kwa siku mbili ni lita 64, na mimi huongeza dumu moja la lita 20 ambalo haliguswi.

Vya moto: jiko la gesi lenye swichi ya kuzima, beleshi, na ndoo ya ziada.

Vya mwilini kwa kila mpanda pikipiki: helmeti yenye kamba ya kidevu, miwani ya kuzuia vumbi, glavu, buti zinazofunika vifundo, suruali nzito, na kitambaa cha pua. Leso ya kanga iliyochakaa inafaa kuliko vile vitambaa vya bei vya dukani.

Vya fundi: pampu ya upepo na kipima upepo, vifaa vya kuziba pancha, plagi ya akiba, spana zinazoingia kwenye chombo chako na si za mwenzako, waya, utepe mzito, kamba ya kuvutia, na ea klina ya akiba iliyokwisha pakwa mafuta, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Hii ya mwisho wengi huipuuza.

Halafu sanduku la huduma ya kwanza, tochi ya kichwa kwa kila mtu, mafuta ya kupaka midomo, na mafuta ya ngozi. Wewe uliyezoea unyevunyevu wa Pwani, hewa ya huku itakupasua midomo kabla ya chakula cha mchana.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi yangu. Udongo bado una unyevu kidogo, au umerudi kuupata, na vumbi linatulia. Julai na Agosti ni joto, vumbi, moshi wa mioto ya misitu, na masharti makali ya moto. Oktoba ni pazuri, lakini wawindaji wa kulungu wako msituni, hivyo vaa fulana ya rangi ya chungwa na uwavalishe watoto pia. Wakati wa baridi baadhi ya sehemu hufungwa ili kulungu wapate pa kujificha na kula.

2. Siku mbili kabla, piga simu ofisi ya Forest Service ya Bend au soma taarifa zao. Uliza mambo matatu: eneo liko wazi, masharti ya moto ni yapi, na kambi unayoitaka inapokea watu. Usitegemee hadithi ya aliyekwenda mwaka juzi. Mei 2025, kwa mfano, walifunga sehemu kubwa ya msitu kwenye barabara ya China Hat karibu na Bend, na waliokuja na ramani za zamani walikutana na geti.

Kambi nyingi ndogo za huku huchukuliwa na anayewahi. Ijumaa jioni ya mwishoni mwa wiki yenye sikukuu, usijisumbue. Alhamisi utachagua unavyotaka.

3. Funga chombo kwenye trela kama vile barabara inakuchukia. Mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, ikivuta pande tofauti. Endesha maili kumi, simama, kaza tena, maana mikanda hulegea ikishatikiswa. Barabara za ndani ya msitu zina mawimbi-mawimbi yanayotetemesha gari hadi meno, na nimeona dumu la petroli likijifungua lenyewe kwa mtikisiko huo. Petroli ikae nje ya chumba cha abiria, imesimama wima, imefungwa.

4. Jaza kila kitu Bend au mji mdogo wa La Pine. Kutoka Portland hadi Bend ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Hapo ndipo pa mwisho pa kupata petroli, gesi, barafu na maji kwa bei ya kawaida. Kuni pia nunua huko karibu na unakokwenda; usibebe za nyumbani, kwa sababu zinasafirisha wadudu wanaoua miti.

Kabla ya kuacha mtandao, tuma ujumbe kwa mtu aliyebaki nyumbani: tuko kambi fulani, tunarudi Jumapili saa kumi na mbili jioni, tusipopiga hadi saa tatu usiku piga 911, namba ya dharura. Mtu huyo awe anayekumbuka mambo. Usimwachie mdogo wako anayelala na simu imezimwa.

5. Fika jua likiwa bado juu, na uchague mahali kwa macho manne. Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu safari nzima. Wanaegesha jirani kabisa na mlango wa njia kwa sababu ni rahisi kushusha pikipiki. Kesho yake kuanzia saa mbili asubuhi kila anayepita anawapaka vumbi kwenye chai.

Tazama upepo unatoka wapi. Mchana mara nyingi hutoka magharibi. Kaa upande unaotoka upepo, si upande vumbi linakoelekea. Nenda mbali kidogo na barabara, hata kama utatembea. Kisha inua uso: je, kuna mti mkavu, au tawi lililovunjika likaning'inia? Hama. Misonobari iliyokufa huanguka bila onyo, na upepo wa jioni ndio huimalizia. Angalia na chini pia, usilale kwenye bonde dogo, maana hewa ya baridi huteremka usiku kama maji ikajaa humo. Tofauti ya hatua thelathini kupanda juu utaisikia kwenye vidole vya miguu.

Egesha gari kwenye ardhi tupu. Ekzosi ya moto juu ya nyasi kavu imeshaunguza misitu.

6. Simika hema ukijua vigingi havitashika. Kwenye udongo wa lile jiwe la kusugulia visigino, kigingi kinaingia kama kisu kwenye siagi na kutoka vivyo hivyo. Jaza mifuko minne ya kitambaa kwa mchanga, funga kamba ya hema katikati ya mfuko, uzike shimo la kina cha mkono. Au funga kwenye jiwe kubwa la volkano, yako mengi. Usiache hema tupu bila mzigo ndani. La rafiki yangu lilipeperushwa likasimama juu ya kichaka mita hamsini mbali, na sote tulilifukuza tukiwa na ndala.

Mlango uelekee mashariki. Jua la asubuhi ndilo hita pekee ya bure uliyo nayo.

7. Panga jiko kwa kufikiria maji ya kuoshea. Kwa urefu huu maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, hivyo maharage yatakutesa. Chemsha maharage na nyama nyumbani, gandisha, yatumie kama barafu ya kwanza kwenye sanduku la baridi, kisha pasha moto. Wali unaiva, unahitaji subira na kifuniko kizito tu.

Ugali ni chakula bora cha kambi hadi ufike wakati wa kuosha sufuria. Ukoko unataka maji mengi kuuloweka, na maji hayo umeyabeba kutoka mjini. Sisi siku hizi tunapika ugali usiku wa kwanza tu, kwa heshima; siku nyingine ni chapati zilizotoka nyumbani. Sahani futa kwa karatasi kabla ya kuosha. Maji machafu usimwage mlangoni mwa hema, wanyama watakuja kusoma menyu.

Chakula chote, pamoja na dawa ya meno na sabuni, kilale ndani ya gari lililofungwa. Dubu weusi wapo msituni, ingawa mwizi wako wa kweli atakuwa kindi wa chini mwenye mistari mgongoni. Anatoboa begi la bei kwa ajili ya karanga tatu. Usimlishe, na usiguse mavi ya panya wala kulala penye mavi hayo.

8. Moto: soma masharti, kisha ufikirie mara mbili. Wakati wa masharti makali hakuna moto wa kuni popote, na mkaa unahesabiwa kuwa ni moto. Najua. Umebeba mbuzi mzima, umebeba na jiko la kuchomea, na umesafiri saa nne. Hata hivyo ni marufuku, na faini yake si ya kucheka. Jiko la gesi lenye swichi ndilo huruhusiwa mara nyingi, juu ya ardhi iliyosafishwa.

Moto ukiruhusiwa, tumia pete ya chuma ya kambini. Usichimbe tanuri lako. Ndoo ya maji na beleshi viwe karibu kabla ya kiberiti. Kuzima ni hivi: mwaga maji, koroga, mwaga tena, koroga tena, kisha weka kiganja juu ya majivu. Kama huwezi kukiacha hapo, moto haujazimika. Kufukia kwa udongo peke yake hakuzimi. Hapa udongo una hewa na mizizi, makaa yatakaa hai humo kama ndani ya pasi ya mkaa ya zamani, na utakuwa umeshafika Portland. Kwa hiyo lita 15 za kuzimia ziingie kwenye hesabu ya maji tangu mwanzo.

9. Kulala. Safari yangu ya kwanza nilikuja na godoro la kujaza upepo na mablanketi mawili ya kichina yale yenye picha ya simba. Saa tisa usiku nilikuwa nimekaa ndani ya gari nimewasha injini. Sikukosa blanketi la juu. Hewa iliyo ndani ya godoro ilipoa, na mimi nikawa nimelala juu ya friji. Weka mkeka wa sponji, hata wa mazoezi, juu ya godoro na si chini yake. Vaa kofia ya sufu na soksi kavu ambazo hukushinda nazo. Jaza chupa maji ya moto, funga vizuri, iweke miguuni.

Onyo ambalo sirudii kwa mzaha: usiingize jiko la mkaa, la gesi wala kitu chochote kinachowaka ndani ya hema ili upate joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na wanaokufa kwayo hufa wakiwa wamelala. Mkaa ulioonekana umefifia bado unaitoa.

Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa ukimya kambini. Jenereta inazimwa, na muziki pia, hata kama ni taarabu.

10. Asubuhi, kagua chombo kikiwa kimepoa. Upepo wa matairi kwanza, na ufuate maandishi ya ubavuni mwa tairi: matairi ya pikipiki za magurudumu manne hutaka upepo mdogo sana kuliko ya gari, na ukijaza kama ya gari chombo kitarukaruka kikutupe. Kisha mafuta ya injini, mnyororo, breki, na ea klina. Kwenye vumbi la huku ea klina huchafuka kwa siku moja. Isafishe au ibadilishe kila jioni. Vumbi la volkano likiingia ndani ya injini linafanya kazi ya msasa.

11. Ingia njiani kwa utaratibu. Ndani ya kambi pikipiki ni ya kutoka na kuingia tu, polepole. Siyo ya watoto kuzungusha duara. Hilo ni sharti la misitu yote ya serikali kuu, na ndilo hugombanisha watu zaidi ya lolote.

Kwenye mlango wa njia utaona alama: duara la kijani ni rahisi, mraba wa buluu ni wastani, almasi nyeusi ni ya waliokomaa. Anza na kijani hata kama uliendesha bodaboda Kariakoo miaka kumi. Bodaboda haikufundishi mchanga wa volkano kwenye kona. Njia nyingine zimewekewa mipaka ya upana, mara nyingi inchi 50, hivyo vile vigari vya wazi vya viti viwili haviingii. Soma kibao.

Mwendo wa mtu wa mbele na wa nyuma uachane hadi umuone bila kula vumbi lake. Mkikutana na watu wanaokuja, yule wa mbele huonyesha kwa vidole idadi ya walio nyuma yake. Wa mwisho huonyesha ngumi, maana yake hakuna mwingine. Anayeteremka humpisha anayepanda. Ukikutana na farasi, zima injini, vua helmeti, msalimie mpandaji kwa sauti ili farasi ajue kwamba wewe ni mtu.

Petroli: theluthi moja ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya matatizo. Nusu ya kwenda na nusu ya kurudi ndiyo hesabu ya wanaorudi kwa miguu.

Walio chini ya miaka 18 helmeti ni lazima kisheria, imefungwa kidevuni. Mimi siendi na mtu mzima asiyeivaa. Chini ya miaka 16 huendesha akiwa chini ya macho ya mtu mzima. Usimpe mtoto chombo ambacho miguu yake haifiki vizuri, hata akilia. Na bia ni ya jioni, funguo zikishafichwa. Sheria ya ulevi wa barabarani inakufuata hadi msituni.

Usitoke kwenye njia. Udongo huu mwepesi ukikatwa na tairi, alama hukaa miaka. Ukikuta vipande vya kioo cheusi cha volkano vilivyochongwa, viache palepale. Watu wameishi huku muda mrefu sana: mwaka 1938, katika pango la Fort Rock lililo kusini ya hapa, Luther Cressman alifukua ndala nyingi zilizosukwa kwa magome ya vile vichaka vya kijivu, na umri wake unazidi miaka 9,000. Kuokota vitu vya kale kwenye ardhi ya serikali ni kosa la jinai.

12. Kuondoka. Takataka zote zinarudi na wewe, pamoja na maganda ya chungwa. Usitupe kitu kwenye choo cha shimo zaidi ya karatasi. Nepi ikiingia humo, kuna mtu ataitoa kwa mkono. Kama uko mbali na choo, chimba sentimita 15 hadi 20, fukia, na karatasi ibebe kwenye mfuko. Kagua majivu kwa kiganja mara ya mwisho.

Mambo yakienda kombo

*Pikipiki inakohoa na kukosa nguvu.* Ea klina kwanza, karibu kila mara. Ikiwa safi, angalia plagi. Chombo cha zamani cha kabureta kilichorekebishwa kwa Portland, usawa wa bahari, hupata petroli nyingi kuliko hewa huku juu. Kitatoa moshi mweusi, hakitakufa. Endesha taratibu hadi fundi akitazame.

*Umezama kwenye mchanga na gari.* Acha kukanyaga mafuta, kila mzunguko unachimba. Toa upepo kidogo kwenye matairi, fukua mbele ya kila tairi, weka mazulia ya gari chini, ondoka polepole. Jaza upepo tena kabla ya lami.

*Mmepotea.* Simameni wote. Zimeni injini, kunyweni maji, someni namba ya kibao cha mwisho mlichopita, linganisheni na ramani ya karatasi. Msigawanyike kutafuta njia. Mkikosa kabisa, rudini kwa alama zenu wenyewe, ziko wazi kwenye vumbi. Usiku ukiwakuta, bakini na chombo, kwa sababu chombo kinaonekana kutoka juu kuliko mtu.

*Kichwa kinauma, mkojo umekolea.* Maji yamekupungukia, jasho lilikauka kabla hujaliona. Kivuli, maji kidogo kidogo yenye chumvi na sukari, na hakuna kuendesha tena siku hiyo. Akianza kuchanganyikiwa au kutapika mfululizo, mpelekeni Bend, hospitali kubwa iko huko.

*Mtu ameanguka na anasema shingo inauma.* Msimvue helmeti, msimnyanyue. Mmoja akae naye amfunike, wengine wawili waende pamoja hadi panapopatikana mtandao, wakiwa wameandika kwenye karatasi namba ya njia na ya kibao. Simu mpya nyingi zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti. Jifunze kuitumia nyumbani.

*Mtoto anatoka damu puani usiku.* Ni ukavu wa hewa. Ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua dakika kumi bila kuachia kuchungulia. Kisha mafuta kidogo ndani ya tundu la pua kila jioni. Wangu walitoka damu usiku wa kwanza, wa pili walilala, na wa tatu walikuwa wanauliza kwa nini tunarudi.

*Umesikia harufu ya moshi na si wa kambini.* Usipande kilimani kuutazama. Pakia watu kwanza, hema liache, toka kwa barabara uliyoingilia kama iko wazi, piga 911 mtandao ukirudi. Ndiyo maana tangu jioni ya kwanza gari huegeshwa pua ikitazama nje, na funguo zinaning'inia pale kila mtu anapopajua.